Nina miaka 61, kitabu changu cha kwanza kinatoka. Mhariri anataka mwaka wa kuzaliwa kwenye jalada. Niuweke?

#1 Mama wa Daftari

Wakuu salaam. Niende moja kwa moja.

Nilikuwa mkunga kwa miaka 34. Mwaka wa kwanza wa kustaafu nilikaa nikitazama ukuta. Mwaka wa pili nikaanza kuandika riwaya kwa kalamu, kwenye daftari za mistari, alfajiri kabla nyumba haijaamka. Zikafika daftari tisa. Kuzichapa kwenye kompyuta kwa vidole viwili kulichukua muda mrefu kuliko kuziandika.

Mswada niliupeleka kwa wachapishaji wanne. Wawili hawajajibu hadi leo. Mmoja alijibu kwa sentensi moja. Wa nne alikaa kimya miezi 14, kisha ikaja barua ya mhariri, kurasa tatu za marekebisho, na chini kabisa mstari kwamba wanautaka. Niliusoma mstari ule nimesimama, nikakaa, nikausoma tena.

Sasa tumefika kwenye jalada. Mhariri wangu, kijana mwenye adabu zake, anataka picha, wasifu wa maneno 60 na mwaka wa kuzaliwa. Anasema "kitabu cha kwanza akiwa na miaka 61" kitauza. Binti yangu anasema mwaka niuache, mtu akiona ni kitabu cha bibi atakirudisha rafuni. Mimi kinachonisumbua ni kingine: mbona sikuandika nikiwa na miaka 30? Hadithi nilikuwa nayo. Kila nikijiuliza, najipa jibu tofauti.

Basi maswali ni mawili. Niuweke mwaka au nisiuweke? Na ninyi mliochelewa, mlichelewa kwa nini?

#2 Kalamu Butu

Hongera sana mama. Mimi nina 49, mswada wangu uko chini ya godoro tangu nikiwa na 28. Siwezi kusema nimechelewa. Nimeulalia.

#3 Bin Kitabu

Shikamoo mama, na hongera. Weka mwaka bila wasiwasi, wakubwa wote walianza uzeeni. Daniel Defoe aliandika kitu chake cha kwanza akikaribia miaka 60. Frank McCourt alipata Nobel akiwa na 66. Umri ni namba tu.

#4 Mhariri Mstaafu

Bin Kitabu, taratibu kijana. McCourt hajawahi kupata Nobel. Alizaliwa 1930, kitabu chake cha kwanza, kumbukumbu za utoto wake, kikatoka 1996, na 1997 akapewa Pulitzer, tuzo ya Marekani. Hapo miaka 66 ni sawa, tuzo ndiyo umekosea.

Kwa Defoe umekosea zaidi. Riwaya yake, Robinson Crusoe, ilitoka 1719, na ni kweli alikuwa anakaribia 60. Ila alikuwa ameandika vijitabu vya siasa miaka mingi kabla ya hapo. Mwaka 1703 alisimamishwa hadharani kwenye mkatale kwa ajili ya kimojawapo. Mtu aliyeadhibiwa mbele ya umati kwa maandishi yake utamwitaje mwanagenzi?

Nije kwa mama. Nimekaa kwenye meza ya uhariri miaka 22. Tofautisha jalada na ukurasa wa hakimiliki. Mwaka wa kuzaliwa una kazi yake maktaba: waandishi wawili wenye jina moja hutenganishwa kwa miaka yao. Huo unaweza kukaa ndani, kwa herufi ndogo. Cha nje ni biashara, na kwenye biashara una haki ya kukataa.

#5 Bin Kitabu

Nimechapwa na sijachapishwa bado. Asante mzee.

#6 Nyakati

Mama wa Daftari, swali lako la pili jibu lake umelibeba kwenye swali lenyewe. Miaka 34 ya zamu za usiku. Ungeandika saa ngapi?

Tazama wanawake wa orodha hiyo ya "waliochelewa". Mariama Bâ wa Senegal alizaliwa 1929, riwaya yake ya kwanza ikatoka 1979. Mwaka uliofuata akawa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Noma, ya vitabu vya Afrika. Mwaka 1981 akafariki. Watu wanasema alichelewa. Alikuwa mwalimu na mama wa watoto tisa! Penelope Fitzgerald alizaliwa 1916, kitabu cha kwanza 1975, na 1979 akachukua Booker, tuzo kubwa ya riwaya Uingereza. Ukiuliza alikuwa wapi hadi miaka 58, alikuwa anafundisha na kulea watoto watatu, na boti waliyokuwa wanaishi ikazama mtoni Thames na vitu vyao ndani.

Kwa hiyo mimi sikubali hizi habari za "kukomaa". Hawa walikuwa wamekomaa zamani. Hawakuwa na meza.

#7 Babu Sauti

Nyakati mwanangu, nakuheshimu, lakini mimi muda ninao. Nina miaka 73, nimestaafu kitambo, na kabla ya kuoa nilikuwa kapera hadi 41, Jumapili nzima nimelala. Meza nilikuwa nayo. Nilikuwa nachezea karata juu yake.

Sababu ya kweli ni hii: watu waliomo kwenye hadithi lazima kwanza waondoke. Huyo McCourt aliandika habari za mama yake. Mama alifariki 1981, kitabu kikatoka 1996. Piga hesabu. Mimi nina sura mbili zinamsubiri mtu mmoja. Simwombei mabaya. Nasubiri tu.

#8 Kalamu Butu

Babu, mtu huyo anaingia mtandaoni?

#9 Babu Sauti

Anaingia. Ndiyo maana hapa naitwa Babu Sauti.

#10 Mtafiti wa Usiku

Nimecheka peke yangu kama mwehu. Niongeze maelezo ya tatu.

Kuna mchumi, David Galenson, ambaye 2006 alitoa kitabu kuhusu mabingwa wazee na vipaji vya ujanani. Hoja yake kwa ufupi: wabunifu wako wa aina mbili. Wa kwanza ana wazo kamili kichwani, analitekeleza upesi, na kazi zake kubwa huja mapema. Mfano wake ni mchoraji Picasso. Wa pili hajui anatafuta nini mpaka akipate, anajaribu na kufuta, na kazi zake bora huja mwishoni. Mfano ni Cézanne, mchoraji pia. Kwa hiyo huenda hukuchelewa, mama. Huenda u wa aina ya pili, na daftari tisa zako zinafanana na hiyo aina.

Halafu kuna suala la ubongo wenyewe. Wanasaikolojia tangu enzi za Raymond Cattell wanatenganisha wepesi wa kufumbua jambo jipya na akiba ya maarifa. Wepesi huanza kushuka mapema. Akiba, na msamiati umo humo, huendelea kupanda hadi umri mkubwa. Mwanahisabati akipoteza wepesi amepoteza sana. Mwandishi wa riwaya anakula akiba.

#11 Mhariri Mstaafu

Mtafiti, hayo ni mazuri kwenye karatasi. Nikueleze niliyoyaona mezani.

Miswada ya wazee niliyosoma ilikuwa mibovu kwa kiwango kilekile cha miswada ya vijana. Ubovu ndio ulitofautiana. Kijana anataka ujue kwamba anajua kuandika, kila sentensi imevaa suti. Mzee anataka kukufundisha. Anaanza na kuzaliwa kwa babu wa mhusika mkuu, anapitia ukoo, anafika kwenye mafuriko ya mwaka fulani, na ukurasa wa 80 hakuna mtu aliyefungua mdomo. Nilikuwa napokea mswada wa namna hiyo, nafungua ukurasa wa 81, na mara nyingi riwaya ilikuwa inaanzia pale. Akiba ipo, sikatai. Shida ni kwamba mwenye akiba anataka kukuonyesha ghala zima.

La pili. Wengi wanaoitwa waliochelewa hawakuchelewa kuandika. Tulichelewa sisi kuwaona. Laura Ingalls Wilder alikuwa na miaka 65 kitabu chake cha kwanza kilipotoka 1932. Vizuri. Lakini alikuwa anaandikia gazeti la wakulima tangu 1911, na binti yake, Rose Wilder Lane, mwandishi mzoefu, alikuwa anamhariria. Raymond Chandler alifukuzwa kazi kwenye kampuni ya mafuta 1932, mwaka uliofuata hadithi yake ya kwanza ya upelelezi ikachapishwa, ana miaka 45. Inasimuliwa kama muujiza. Ujanani alikuwa London akichapisha mashairi na mapitio ya vitabu. Mkono ulikuwa umeshapasha.

Kwa hiyo nikisikia mtu wa miaka 61 ameibuka ghafla, swali langu la kwanza ni: mama, ulikuwa unaandika nini miaka yote hiyo?

#12 Msomaji Tu

Na Saramago, yule mwandishi Mreno, je? Nilisoma mahali kwamba alianza akiwa na 60 na akapata Nobel.

#13 Nyakati

Nobel ni kweli, 1998. Kuanza akiwa na 60 si kweli, hapo ndipo jina lilipovuma. Alizaliwa 1922, riwaya ya kwanza ikatoka 1947. Mwaka 1953 akapeleka riwaya nyingine kwa mchapishaji. Kimya. Hawakumkatalia, hawakumkubalia. Zikapita zaidi ya miaka 30, ameshakuwa mtu maarufu, ndipo wakamwandikia kwamba wameuona mswada wakati wa kuhama ofisi na wangependa kuuchapisha. Akawaambia hapana, akauchukua, akakataa usitoke maishani mwake. Alifariki 2010, kitabu kikatoka 2011.

Mama wa Daftari, miezi yako 14 ni radi. Na wale wawili ambao hawajajibu, subira, hawajahama ofisi.

#14 Mama wa Daftari

Nimetoka kidogo tu narudi nakuta uzi umejaa. Nashukuru wote.

Mhariri Mstaafu, umenikamata shati. Mswada wangu ulianza na babu wa mhusika. Kurasa 40 na upepo wa kaskazi ndani. Mhariri wangu alizikata zote na kuandika pembeni "tukutane hapa", kwa mshale. Nilikasirika siku nne. Siku ya tano nikasoma kuanzia kwenye mshale, nikaona aibu.

Swali lako la nilikuwa naandika nini limenikosesha usingizi. Ngoja nieleze.

Wodi ya uzazi ina daftari kubwa. Kila mtoto anapata mstari mmoja: saa, jinsia, uzito, hali ya mama, sahihi ya mkunga. Nimeandika mistari hiyo kwa maelfu. Usiku mmoja, nikiwa na miaka kama 33, alizaliwa mtoto mvua ikinyesha na taa zimezimika, na mama yake alikuwa anaimba. Hakulia, aliimba mwanzo hadi mwisho, na wenzake wodini wakawa wanamwitikia gizani. Nilipojaza mstari wangu nikaongeza kwenye nafasi ya maelezo: "Mama aliimba." Ni maneno mawili tu. Asubuhi msimamizi alipiga mstari wa wino mwekundu juu yake na kuandika: "Hapa si mahali pake."

Na alikuwa sahihi! Daftari la wodi si mahali pake. Lakini sikuwahi kujiuliza mahali pake ni wapi. Nilifunga daftari nikaendelea na kazi miaka mingine zaidi ya 20. Kwa hiyo Nyakati, zamu zilinibana, kweli. Ila kulikuwa na usiku mtulivu pia, wodi imelala, na mimi na wenzangu tunapiga soga hadi kunakucha. Siwezi kuzisingizia zamu zote.

(Majina na mambo ya wagonjwa nimeyabadilisha yote kitabuni, msianze. Siri ya wodi haistaafu.)

#15 Kifungo cha Tatu

Habari hiyo ya wino mwekundu imenigusa. Nami nina maelezo yangu, na sioni aliyeyataja.

Mimi nilidhani waandishi ni watu waliokufa. Sitanii. Shuleni kila mwandishi alikuwa na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa kwenye mabano. Nilisoma sana, nilipenda sana, lakini kuandika kitabu ilikuwa kama kujenga piramidi, kazi ya watu wa zamani. Nilimwona mwandishi aliye hai mara ya kwanza nikiwa na miaka 44. Alikuwa amevaa kandambili na anatafuta chaja ya simu. Nilianza kuandika wiki ileile. Nilitoa hadithi zangu nikiwa na 51.

Si muda, si wafu, si ubongo. Sikujua kama inaruhusiwa.

#16 Babu Sauti

Kwa hiyo wewe ulingoja waandishi wafufuke, mimi nangoja jirani afe. Tumepishana njiani.

#17 Fundi Maneno

Mnazungumza kama mlango uko mmoja. Kwa nini mtu wa miaka 61 asubiri miezi 14 ya kimya? Tangu 2007 Amazon walipofungua mlango wa Kindle, duka lao la vitabu vya kielektroniki, mtu anapakia kitabu mwenyewe. Nakala za karatasi zinachapwa kwa oda: mnunuzi akiagiza moja, inachapwa moja. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwenye mauzo, wa kitabu cha kielektroniki pale ni asilimia 35 au 70 kutegemea bei na masharti. Mchapishaji wa kawaida, kwa kitabu cha karatasi, atakupa asilimia 10 hivi, na wengine chini ya hapo. Angalia tu kwanza orodha ya lugha wanazopokea, kwani si kila lugha imo.

#18 Jeraha Jipya

Fundi, useme na upande wa pili. Mimi nilistaafu nikiwa na kiinua mgongo na ndoto. Ikaja kampuni moja, siitaji, ikausifu mswada wangu ndani ya siku mbili. Siku mbili! Kurasa 410! Ningeshtuka hapohapo. Wakataka nichangie gharama za uhariri, kisha za jalada, kisha za "kutangaza". Mwisho nililetewa nakala 500 mlangoni. Kwenye mgongo wa kitabu jina langu limekosewa herufi moja. Hakuna aliyehariri chochote, kosa la ukurasa wa kwanza niliandika mimi na liko vilevile.

Nakala 463 bado ninazo. Zimeshika mguu wa kabati.

#19 Mhariri Mstaafu

Jeraha, pole sana. Watu hawa huwatafuta zaidi wastaafu kwa kuwa wanajua kiinua mgongo kipo na subira haipo. Kanuni ni nyepesi: kwa mchapishaji, fedha hutoka kwake kuja kwako. Zikienda kinyume, huyo ni mtoa huduma, na wapo watoa huduma waaminifu, lakini aseme hivyo waziwazi na kila huduma iwe na bei yake. Kujichapisha mwenyewe kwa macho mawili si kosa. Kosa ni kulipia sifa.

Mama, kabla hujasaini, tafuta kifungu cha haki kurejea kwako kitabu kikiacha kuchapwa. Kisipokuwemo, omba kiwekwe. Na jambo ambalo wenye miaka 25 hawalifikirii: chini ya Mkataba wa Berne wa 1886 hakimiliki huendelea angalau miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi nyingi zimefikisha 70. Kwa hiyo kwenye wosia andika nani atashika hizo haki. Nimeona riwaya nzuri ikikwama kuchapwa upya kwa sababu warithi saba hawasalimiani.

#20 Mama wa Daftari

Kifungu hakimo. Nimetoka kuangalia sasa hivi. Asante mno.

#21 Bin Kitabu

Nimefanya utafiti safari hii, mzee usinichape. Umri una maana kwenye tuzo. Uingereza kuna tuzo ya Betty Trask ya riwaya ya kwanza kwa walio chini ya miaka 35. Kuna McKitterick ya riwaya ya kwanza kwa waliozidi 40. Na kuna Paul Torday, ya riwaya ya kwanza kwa waliofika 60. Jarida la Granta nalo tangu 1983 hutoa orodha ya waandishi bora vijana wa Uingereza, mwisho miaka 40. Hizo za wenye lugha yao. Kwa wanaoandika Kiswahili kuna Tuzo ya Safal, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na hupokea hata miswada isiyochapishwa. Kalamu Butu, unasikia?

#22 Mhariri Mstaafu

Safari hii sina cha kusahihisha. Nimetafuta.

#23 Kalamu Butu

Nasikia. Godoro nalo linasikia.

#24 Nyakati

Turudi kwenye jalada. Mimi napinga mwaka kuwekwa nje, na sababu yangu si ya binti wa mama. Kijana wa 23 akitoa kitabu jalada linapiga kelele "ana miaka 23 tu". Mwenye 61 naye "ana miaka 61 tayari". Wa katikati, mwenye 42, hana habari ya kuuza, anaachwa asomwe kwa maandishi yake. Nataka mama asomwe kama mwenye 42.

#25 Kifungo cha Tatu

Kwangu ni kinyume. Mimi ningeuona ule mwaka nikiwa na 44 ningeanza siku ileile. Mwaka wa kuzaliwa peke yake, bila wa kufa pembeni yake! Mama, weka mwaka na kistari, halafu acha wazi.

#26 Babu Sauti

Kistari kilichoachwa wazi kinanitia baridi. Weka nukta.

Mimi kwa taarifa yenu siandiki tena kwa mkono, macho yamegoma. Namwambia simu, simu inaandika, mjukuu anasahihisha. Jana nimesema "akavuta pumzi", simu ikaandika "akavuta punda". Mjukuu anasema tumwache, sura ile ilikuwa inahitaji punda. Nimemfikiria usiku kucha huyo punda. Ameingia na sura ya tano.

#27 Fundi Maneno

Babu, kwenye mipangilio ya simu hakikisha umechagua lugha sahihi, na uitaje alama ya nukta na mkato kwa sauti kama inakubali.

#28 Babu Sauti

Asante fundi, lakini nisipate punda mwingine bure.

#29 Mtafiti wa Usiku

Mhariri Mstaafu, nimelala na hoja yako kwamba mkono wao ulishapasha moto. Haivunji ya Galenson. Yule wa kujaribu na kufuta lazima apashe mkono miaka mingi. Na mama ameandika mistari maelfu kwenye daftari la wodi: saa, uzito, hali, basi. Hiyo ni shule ya ufupi, wengine wanailipia.

#30 Mhariri Mstaafu

Angejifunza ufupi huko, babu wa kurasa 40 angetoka wapi?

#31 Mama wa Daftari

Haa! Ametoka kwenye miaka 34 ya kukatazwa kuzidi mstari mmoja.

#32 Msomaji Tu

Mimi si mwandishi, nauliza kama mnunuzi. Mnadhani tunaangalia mwaka wa kuzaliwa? Mimi nafungua ukurasa wa kwanza nasoma nimesimama. Nikifika wa tatu bila kugundua, nanunua. Kalamu Butu, wewe mswada wako unahusu nini hasa? Miaka 21 ni mingi.

#33 Kalamu Butu

Unahusu kijana anayetaka kuandika kitabu. Usicheke. Nilipouanza nilikuwa sawa naye kwa umri. Sasa namzidi miaka 21, na kila nikiufungua namwona mjinga zaidi. Naogopa nikingoja tena nitamwona kama mwanangu na nitaanza kumshauri humohumo ndani.

#34 Nyakati

Basi usingoje. Mwitaliano Giuseppe Tomasi di Lampedusa aliandika riwaya yake kubwa akiwa na zaidi ya miaka 55, wachapishaji wawili wakaikataa, akafariki 1957. Ikatoka 1958, na 1959 ikapata tuzo ya Strega, kubwa kabisa kwao. Yeye hakuiona hata nakala moja. Na alikuwa ameshaitoa chini ya godoro!

#35 Babu Sauti

Nyakati, hii ni ya kumtia moyo au ya kumuua?

#36 Mama wa Daftari

Nilete mrejesho, wiki mbili zimepita.

Kifungu cha haki kurejea kimeingizwa, hawakubisha hata kidogo. Mwaka wa kuzaliwa umewekwa ndani, ukurasa wa hakimiliki, kwa ajili ya maktaba. Nje hakuna. Wasifu wangu una maneno 41, umeanza na "Amekuwa mkunga kwa miaka 34". Mhariri akasema mwenye akili atapiga hesabu. Nikamwambia mwenye akili apige.

Kistari sikuweka, Babu.

Picha bado inatugawa. Binti anataka ya studio. Mimi nataka ile ya kazini ya zamani, nimeshika daftari la wodi, nywele nyeusi tupu. Anasema nitakuwa nadanganya. Ya kwa nini sikuandika nikiwa na 30, jana nilikuwa upande wa Kifungo, leo asubuhi nimehamia kwa Babu: msimamizi wa wino mwekundu alifariki mwaka niliostaafu. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili hadi nilipokuwa nachemsha maji.

#37 Babu Sauti

Nilisema.

#38 Nyakati

Mwaka uliostaafu, mama. Uliostaafu. Ulipata meza.

#39 Kalamu Butu

Nami nina mrejesho. Nimeinua godoro. Panya wamekula sura ya nane yote na nusu ya sura ya tisa, na sina nakala nyingine.

#40 Bin Kitabu

Pole mkuu. Ila hao ndio wahariri wa kwanza kukujibu.

#41 Kalamu Butu

Kinachoniuma ni kwamba nimeusoma wote jana usiku, kutoka ya saba ukaruka hadi katikati ya tisa, na unakwenda vizuri. Mhariri Mstaafu, wakati wa kuchapa, nafasi kati ya mistari iwe moja na nusu au mbili?

#42 Mhariri Mstaafu

Mbili. Namba za kurasa chini. Na upeleke hivyohivyo, usiandike sura ya nane.